Watoto 287 wa Musoma: Mhadhara juu ya Shahada ya Biolojia

Naomba nianze na namba sita. Katika miaka ya 1950 daktari mmoja, Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kusomea Oxford, alipima damu ya watu wa Musoma, kando ya Ziwa Victoria, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1956. Watoto wachanga aliowapima walikuwa 287. Kati yao 189 walikuwa na damu ya kawaida, 89 walikuwa wamerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, na 9 walikuwa wameirithi kwa wazazi wote wawili, yaani walikuwa na ugonjwa wenyewe ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Watu wazima walikuwa 654, nao kwa mpangilio uleule walikuwa 400, 249 na 5. Namba hizo zimo katika vitabu vya kiada vya jenetiki vinavyosomwa mbali sana na Musoma. Swali langu leo ni kama mhitimu wetu wa biolojia anaweza kukaa nazo mezani, akiwa na kalamu na karatasi tu, akatueleza zinasema nini. Na lililo gumu zaidi, akatueleza hazisemi nini.

Ninalodai ni hili. Shahada ya kwanza ya biolojia haipati thamani yake katika wingi wa mambo ambayo mhitimu ameyaweka kichwani kuhusu viumbe hai. Inaipata katika uwezo wake wa kupima kama dai fulani kuhusu kiumbe hai linastahili kuaminiwa, na kwa kiasi gani. Uwezo huo unajengwa juu ya hesabu ya ushahidi, na sisi hesabu hiyo tunaifundisha kwa kuchelewa, kwa haraka, na kwa mifano ya ugenini. Ningependa iwe mlango wa kuingilia, mwaka wa kwanza, muhula wa kwanza, na mifano yake itoke hapa tulipo. Afrika Mashariki si mgeni katika biolojia. Baadhi ya ushahidi mzito wa sayansi hiyo ulichukuliwa katika damu yetu, maziwa yetu na mbuga zetu.

Hali ilivyo sasa kila mmoja wenu anaijua. Kijana amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB, au CBG. Anapojaza maombi ya chuo, udaktari unakuwa chaguo la kwanza, ufamasia unafuata, na biolojia inaandikwa chini kabisa ili nafasi isipotee. Akiipata, anaingia kama mtu aliyekaa katika chumba cha kusubiria, akisikiliza kama jina lake litaitwa upande wa pili. Chuo nacho, badala ya kumwonyesha kwamba amefika mahali penyewe, kinamfundisha kana kwamba biolojia ni udaktari uliopunguzwa: orodha ya viungo, orodha ya makundi ya wanyama, hatua za mzunguko wa Krebs, majina ya Kilatini. Madesa yanapita mkono hadi mkono, mitihani ya miaka iliyopita inapigwa picha kwa simu, na anayejua kumeza na kutapika hapati sapu. Silaumu wanafunzi kwa hilo, maana wanafanya kile ambacho mtihani unakilipa.

Turudi mezani. Mwaka 1908, Hardy huko Uingereza na Weinberg huko Ujerumani walionyesha, kila mmoja kivyake, kwamba ukijua jeni fulani ina kiasi gani katika jamii unaweza kukadiria watu wa kila aina watakuwa wangapi, mradi watu wanaoana bila kuijali jeni hiyo na mradi hakuna kinachowaondoa wa aina moja kuliko wengine. Hesabu yake haizidi kuzidisha na kugawanya. Kila mtoto ana nakala mbili za jeni, kwa hiyo watoto 287 wana nakala 574. Wale 89 wana nakala moja moja ya selimundu, wale 9 wana mbili mbili, jumla 107. Hiyo ni karibu asilimia 18.6 ya nakala zote. Kwa kiasi hicho tungetarajia watoto 190 wa kawaida, 87 wabebaji na 10 wagonjwa. Waliopatikana ni 189, 89 na 9. Matarajio na uhalisia vimekaribiana kiasi kwamba mtu anaweza kushuku vimepikwa, ila havikupikwa. Kwa watoto waliozaliwa jana, kifo bado hakijapata muda wa kuchagua.

Kwa watu wazima mambo ni tofauti. Nakala zao ni 1,308, na za selimundu ni 259, karibu asilimia 19.8. Kwa kiasi hicho tungetarajia watu wa kawaida wapatao 421, wabebaji 208 na wagonjwa 26. Waliopatikana ni 400, 249 na 5. Pengo la wagonjwa halihitaji mtaalamu kulieleza: wakati ule mtoto mwenye sikoseli hakufikia utu uzima, isipokuwa wachache. Linalohitaji maelezo ni wabebaji kuwa wengi. Kama kitu pekee kilichotokea kati ya utoto na utu uzima ni vifo vya wagonjwa, uwiano wa wabebaji na watu wa kawaida ungebaki palepale. Haukubaki. Ukiwaweka wagonjwa kando, wabebaji ni asilimia 32 ya watoto na asilimia 38 ya watu wazima. Kana kwamba kuna kitu kiliwapunguza wale wenye damu tunayoiita ya kawaida.

Hapa ndipo vitabu vingi humaliza hadithi: kitu hicho ni malaria, mbebaji analindwa, na jeni inayoua wachache inabaki kwa sababu inaokoa wengi. Hitimisho ni sahihi. Lakini mwanafunzi aliyefundwa vizuri hapaswi kulikubali kutokana na namba hizi peke yake, na hapa ndipo mahali ambapo shahada inaonekana kama imefanya kazi au haikufanya. Kwanza, neno malaria halimo katika namba zile. Pili, watoto na watu wazima waliopimwa hawakuwa watu walewale waliofuatiliwa kwa miaka. Ni vizazi tofauti vilivyopimwa kwa kipindi kimoja, na watu huhama. Tatu, tofauti yenyewe ya asilimia 32 na 38 ukiipima kwa kipimo cha kawaida cha takwimu utakuta kwamba bahati tupu ingeweza kuzaa tofauti kubwa kiasi hicho takriban mara 6 au 7 katika kila mara 100. Watafiti kwa mazoea huweka mpaka wao kwenye mara 5. Kwa maneno mengine, mfano unaofundishwa kama ushahidi usiotikisika wa uteuzi asilia, kwa kipengele chake muhimu kuliko vyote, unachungulia tu mlangoni.

Je, basi umeanguka? Hata kidogo, na sababu ya kutoanguka ndiyo somo kubwa zaidi. Dai halisimami kwa mguu mmoja. Mwaka 1949 Allison alikuwa amekusanya damu Kenya na kuona kwamba wabebaji wanazidi asilimia 20 pwani na karibu na Ziwa Victoria, ilhali katika nyanda za juu zenye baridi hawafiki hata asilimia 1. Ramani ya jeni ilifanana na ramani ya mbu. Magharibi mwa Uganda, kwa Waamba, wabebaji walikaribia asilimia 40. Kisha akapima watoto 290 karibu na Kampala. Kati ya 43 waliokuwa na jeni, 12 walikutwa na vimelea vya malaria. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113. Hiyo ni asilimia 28 dhidi ya 46, tofauti inayovuka ule mpaka wa mazoea lakini bila mbwembwe. Akaendelea na watu wazima 30 waliojitolea, wote Waluo, nusu wakiwa na jeni na nusu bila. Waliambukizwa malaria kwa makusudi: wasiokuwa na jeni waliugua 14 kati ya 15, wenye jeni 2 kati ya 15. Hata hivyo wenzake wa miaka ile waliorudia majaribio ya namna hiyo hawakupata wote jibu lilelile, na mjadala ukaendelea. Nusu karne baadaye, watafiti wa Kilifi waliowafuatilia watoto wengi kwa miaka walionyesha mwaka 2005 kwamba kinga ya mbebaji inategemea ukali wa ugonjwa: karibu asilimia 50 dhidi ya malaria ya kawaida, na karibu asilimia 90 dhidi ya malaria kali. Hilo lilieleza kwa kiasi fulani kwa nini waliokuwa wakihesabu vimelea tu katika damu walikuwa wakigombana. Walikuwa wanatazama mahali ambapo kinga ni dhaifu.

Angalieni tulipofika kwa namba sita. Tumepita jenetiki, takwimu, ikolojia ya mbu, vimelea na kinga ya mwili, na hatujaingia ndani ya chembe ya damu. Tukiingia tunamkuta Linus Pauling na wenzake mwaka 1949 wakionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa inatembea tofauti katika umeme, na Vernon Ingram ambaye kufikia mwaka 1957 alikuwa ameonyesha kwamba tofauti yote inatokana na asidi amino moja: nafasi ya sita katika mnyororo wa beta, ambapo panapaswa kukaa asidi ya glutamiki, pamekaa valini. Biokemia na biolojia ya molekuli zimeingia kwa mlango uleule. Kozi ambazo tunazigawa katika vyumba na wahadhiri mbalimbali, na ambazo mwanafunzi huzisahau moja moja kila baada ya mtihani, zingeweza kuunganishwa kwa tone moja la damu lililotoka mkoa wa Mara.

Nalisikia pingamizi la kwanza kabla sijamaliza sentensi, na linatoka kwa wenzangu walio makini kuliko wote. Wanasema mtu hawezi kupima ushahidi wa jambo asilolijua. Lazima kwanza ajue chembe ni nini, chura ni nini, ua lina sehemu gani. Kukariri si aibu, bali ni akiba. Nakubali zaidi ya wanavyotarajia, na Kihansi ndiyo inayonilazimisha. Katika bonde hilo la milima ya Udzungwa, chini ya maporomoko, aliishi chura mdogo wa manjano katika eneo la hekta chache tu lililoloweshwa na manyunyu ya maji. Hatagi mayai, anazaa watoto walio kamili. Sayansi ilimtambua mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umeshaanza, na akapewa jina la kisayansi miaka michache baadaye. Mitambo ilipochukua sehemu kubwa ya maji, manyunyu yakakauka. Vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani kuzalishwa huko. Mwaka 2003 waliobaki bondeni wakaporomoka ghafla, na mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kuwa ametoweka porini. Baadaye wazao wa wale waliokwenda Marekani walirudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Kihansi, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena bondeni. Asingekuwapo mtu aliyemtazama yule chura na kujua kwamba huyu hafanani na yeyote tunayemjua, bonde lingekauka bila mtu kujua kilichopotea. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini kwa mfumo wa ikolojia mwenye macho asipofundishwa majina haoni kitu.

Kwa hiyo majina yafundishwe. Lakini ona jambo lenyewe: kumtambua chura wa Kihansi kulikuwa kitendo cha ushahidi, kulinganisha vielelezo, kupima, kukataa kwamba ni aina iliyokwisha kujulikana. Jina lilikuwa hitimisho la hoja. Tunachofanya darasani ni kumpa mwanafunzi hitimisho na kumnyima hoja. Tena swali lililofuata, la nini hasa kiliwaua vyura mwaka 2003, halikuwa na jibu katika desa lolote. Manyunyu yalikuwa yamepungua na ugonjwa wa kuvu ya ngozi ulionekana. Wapo pia waliotilia shaka viuatilifu vya mashamba ya juu vilivyoweza kushuka na maji yaliyofunguliwa kusafisha tope la bwawa. Mambo hayo matatu yanaweza kuwa yameshirikiana. Aliyekariri sifa za amfibia zote atafika hapo na kusimama.

Mfano wa Serengeti unaonyesha jinsi hoja ya namna hiyo inavyoweza kukamilika pasipo maabara. Sotoka iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu. Katikati ya karne ya 20 ng'ombe waliozunguka mbuga walichanjwa, na chanjo bora iliyotengenezwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, ikaja kuufuta ugonjwa huo duniani kote, jambo lililotangazwa rasmi mwaka 2011. Mapema miaka ya 1960 sotoka ilikoma kwa nyumbu wa Serengeti. Walikuwa wapatao 250,000 mwaka 1961. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa kiasi cha milioni 1.3. Je, ni chanjo ya ng'ombe iliyozidisha nyumbu? Inawezekana ni mvua, na kweli katika sehemu ya miaka ya 1970 mvua za kiangazi ziliongezeka. Mtu hawezi kuijenga Serengeti ya pili ili alinganishe. Ila punda milia wanakula majani ya mbuga ileile na kunyeshewa na mvua ileile, na hawaugui sotoka. Nyati, wanaougua, waliongezeka pamoja na nyumbu. Punda milia walibaki takriban 200,000. Kwa wanyama watatu tu, bila hata hadubini, dai la mvua peke yake limepoteza nguvu. Sehemu ya hadithi inabaki kwa mvua, hasa kasi ya ongezeko baada ya mwaka 1971, na mwanafunzi mzuri ataipa mvua haki yake. Kisha atashangaa kusikia yaliyofuata: nyumbu wengi walikula majani mengi, moto ukakosa cha kuunguza, na miti ikaota upya. Sindano ya ng'ombe imeotesha miti.

Pingamizi la pili ni la vifaa, na mara nyingi linatolewa kwa sauti ya kuchoka. Darasa lina mamia ya wanafunzi, hadubini zinazofanya kazi ni chache, vitendanishi vinaagizwa nje na kufika vimechelewa. Yote kweli, na sitaki hotuba yangu itumike kuwapa wenye bajeti kisingizio. Mbinu za molekuli hazifundishwi kwa ubao na chaki, na mhitimu asiyewahi kugusa mashine ya kuzidisha DNA amedhulumiwa. Lakini hakuna hata hesabu moja kati ya nilizofanya leo iliyohitaji kifaa. Allison mwenyewe alipozunguka na kupima wabebaji alihitaji tone la damu, kemikali ya kuondoa oksijeni, vioo na hadubini. Madimbwi yaliyo nyuma ya mabweni yana viluwiluwi vya mbu vinavyoweza kuhesabiwa kila wiki kwa muhula mzima na kulinganishwa na mvua. Fremu ya mbao ya mita moja ya mraba inatosha kuuliza kama magugu yanapungua chini ya mwarobaini kuliko chini ya mkorosho. Matokeo yatakuwa na makosa, tena mengi, na kuyajadili makosa hayo ndilo somo lenyewe. Uhaba wa vifaa unazuia mambo mengi, lakini hauzuii kufikiri kwa namba.

Lipo pingamizi la tatu ambalo husemwa zaidi koridoni kuliko ukumbini. Ushahidi huu unaouita wetu, anasema mtu, ulikusanywa na wageni, wakati wa ukoloni, kwa watu ambao hawakuwa na nafasi kubwa ya kukataa. Damu ilitoka Musoma, makala zikachapishwa Uingereza. Kwa nini tuifanye fahari yetu? Sisemi ni fahari. Kuwaambukiza watu 30 malaria ili kuona nani ataugua ni jambo ambalo leo lingepaswa kupita mbele ya kamati ya maadili ya utafiti, na maswali ya kamati hiyo kuhusu ridhaa yao yangekuwa makali. Mwanafunzi afundishwe hilo katika kipindi kilekile anachofundishwa matokeo, si katika kozi ya pembeni ya maadili mwaka wa mwisho. Lakini namba zikishakuwapo, kuziacha kwa sababu ya aliyezikusanya ni kuwaachia wengine hata kazi ya kuzitafsiri. Na maswali yaliyobaki hayawezi kungoja. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na sikoseli Tanzania kila mwaka, na hospitali ya Muhimbili imekuwa ikifuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa ugonjwa huu, na bei yake Marekani ni kiasi cha dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hapa kwetu suala ni la watoto wachanga kupimwa mapema, chanjo na dawa za kuzuia maambukizi, na dawa ya haidroksiyurea kumfikia mtoto wa Musoma sawasawa na wa Upanga, Dar es Salaam. Nani apimwe, lini, kwa kipimo kipi chenye makosa kiasi gani, ni maswali ya mtu anayejua kusoma jedwali lenye namba sita na kulishuku.

Kuhusu ajira nitasema kwa kifupi, kwa kuwa wazazi waliopo hapa ndilo walilolifuata. Shahada ya biolojia haimhakikishii mtu kazi, na chuo kinachosema vinginevyo kinadanganya. Zipo taasisi zinazomhitaji: za utafiti wa magonjwa, wa uvuvi, wa wanyamapori na wa kilimo, maabara za serikali, shirika la viwango, baraza la mazingira. Haziwezi kuwachukua wote. Wengi watakwenda kufundisha, na sioni kwa nini hilo lisemwe kwa huzuni, kwani mwalimu wa sekondari anayeweza kuligeuza jedwali la Musoma kuwa vipindi viwili vya kidato cha sita atafanya mengi kuliko mtafiti wa wastani. Wengine wataishia benki, kwenye bima, katika mashirika, na huko watakachotumia si mzunguko wa Krebs. Watatumia mazoea ya kuuliza ni wangapi, kati ya wangapi, na je, punda milia nao wameongezeka? Bodi ya Mikopo ikimdai mtu fedha kwa miaka mingi, angalau aondoke na kitu ambacho hakichakai mtaala ukibadilika.

Limebaki pingamizi ambalo naliona zito kuliko yote, nalo halihusu falsafa. Wanafunzi wengi walichagua biolojia kwa sababu ni sayansi wanayodhani haina hesabu. BAM, hesabu ya kidato cha tano na sita, waliipita kwa kuvumilia. Ukiwawekea takwimu mlangoni, utawakimbiza au utawaangusha. Hofu hiyo ni ya kweli, ila nadhani tunaitibu kinyume. Takwimu inapofundishwa kama kozi ya pekee, na idara nyingine, kwa mifano ya mipira ya rangi ndani ya mfuko, mwanafunzi wa biolojia haoni inamhusu nini na hofu yake inathibitishwa. Hesabu niliyoifanya leo ni ya darasa la saba kwa sehemu kubwa. Kilicho kigumu ndani yake ni kujua kwa nini unagawanya, na hilo linaeleweka haraka zaidi mgawanyo unapohusu watoto waliofariki. Kipimo cha bahati kinaweza kufuata wiki ya tatu, kwa kete au kwa kuchanganya karatasi, kabla ya fomula yoyote.

Haya yote yatabaki maneno ya ukumbini kama mtihani hautabadilika, kwa kuwa mwanafunzi husoma kinachoulizwa. Ningependekeza karatasi moja kila mwaka ambayo mtahiniwa anaruhusiwa kuingia na madesa yake yote. Apewe jedwali asilowahi kuliona na dai lililotolewa juu yake, kisha aulizwe dai hilo linaungwa mkono kwa kiasi gani, lingeweza kuelezwa vipi vinginevyo, na ni kipimo gani kingine angekifanya kesho kwa shilingi laki mbili. Karatasi ya namna hiyo haisahihishwi kwa kutafuta maneno matano yaliyomo katika mwongozo. Msahihishaji mmoja hawezi vitabu mia nne vya majibu ya kujieleza kwa wiki mbili. Atahitaji wasaidizi wa kufundishia, angalau mmoja kwa kila wanafunzi arobaini, waliofunzwa kubishana na hoja na si kuhesabu alama za vema. Nafasi hizo kumi ndizo ningeziombea fedha kwanza, hata kabla ya hadubini.